Binti Yetu Anamngoja Mama Tuliyeambiwa Amekufa

Mpendwa Ingegerd,

Naomba msaada wa safu yako ya ushauri, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, ninaandikia ndani ya gari kwenye maegesho ya kliniki ya meno ninakofanya kazi, kwa sababu nyumbani mume wangu ataniuliza ninaandika nini, nami sijui kudanganya, uso wangu husema kabla ya mdomo.

Mimi na mume wangu Torbjörn tunaishi nje kidogo ya mji wa Härnösand, huku kaskazini mwa Uswidi, na tuna binti mmoja, Tuva, ana miaka sita. Tulimwasili akiwa na miaka minne kutoka nchi ambayo naomba nisiitaje, kwani kuna familia nyingine hapa zilizochukua watoto hukohuko na sitaki nazo zikose usingizi kwa ajili yangu. Kabla yake tulikuwa tumezika matumaini mara nyingi, wewe ni mwanamke, utanielewa bila mimi kueleza zaidi. Tuliambiwa baba hajulikani na mama amefariki, na mimi nililia kwa furaha na hapohapo kwa kumwonea huruma huyo marehemu, na tangu siku hiyo kila Sikukuu ya Watakatifu Wote, tunapokwenda kuwasha mishumaa makaburini, tumekuwa tukiwasha mmoja wa mama yake Tuva, tunauweka kwenye kaburi la babu yake Torbjörn maana hatukuwa na kwingine pa kuuweka.

Sasa nchi ile, kama unavyojua, haimtoi mtoto ikamsahau, inataka kuletewa ripoti za maendeleo yake mpaka awe mkubwa, kwa hiyo mara kwa mara afisa wa ustawi wa jamii wa manispaa, anaitwa Ann-Sofi, huja nyumbani, hunywa kahawa yetu, huangalia chumba cha mtoto, huzungumza naye, kisha huandika, na alichoandika husafiri mpaka serikalini kule. Ripoti zilizopita zilikuwa nyepesi, mtoto ameongezeka kimo, anapenda supu ya samaki, ameanza kuteleza kwenye theluji kwa skii, anamwogopa mbwa wa jirani. Ann-Sofi anakuja tena wiki ijayo, na mimi tangu mwanzo wa majira haya ya baridi silali.

Ilianza mlangoni. Tumerudi kutoka nje, tumekaa kwenye benchi tunavua viatu, Tuva akaniuliza, "Mama, theluji ni mvua?"

Nikamwambia, "Ni mvua iliyoganda, kipenzi."

Akabaki na kiatu kimoja mguuni. "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana ya nini?"

"Ndiyo maana mama hajaja."

Nikacheka, nikamwambia mimi si nipo hapa, akanitazama kama mtu anayemwelewesha mgeni. "Si wewe. Mama wa kule. Alisema nikae pale shuleni nile nishibe, mvua ikiisha atakuja kunichukua. Sasa hapa mvua haiishi."

Ingegerd, nilimalizia kumvua kiatu kile. Sikumhoji, naapa, lakini tangu siku ile yamekuwa yanatoka yenyewe, moja leo jingine kesho, labda kwa sababu sasa ana maneno ya kuyasemea ambayo alipofika hakuwa nayo: kwamba mama yake aliuza mahindi ya kuchemsha kwenye stendi ya mabasi, kwamba ana kovu la moto mkononi, kwamba mama huyo alimbeba mgongoni mdogo wake Tuva anayeitwa Dodi, na kwamba alikuja pale shuleni kumwona, zaidi ya mara moja, akamletea hindi limefungwa kwenye maganda yake likiwa bado la moto. Sisi tulifika mahali pale, Ingegerd. Haikuwa shule. Kilikuwa kituo cha watoto yatima. Na aliyekufa haji kumtembelea mtoto na hindi la moto.

Nilimweleza Torbjörn akiwa jikoni anakoroga mchuzi wa vipande vya nyama, na hakuacha kukoroga. "Watoto hukumbuka vitu ambavyo havikuwepo," akasema.

"Anakumbuka jina la mdogo wake, Torbjörn."

"Na mimi nakumbuka niliruka kutoka paa la ghala nikatua bila kuumia. Kwa hiyo niliruka?"

Mama mkwe wangu, Gerd, naye alipopata habari Jumapili mezani hakubakiza. "Ebu mniache nile! Huyu Torbjörn alikuwa na rafiki anaishi kwenye bomba la maji, kila siku nilikuwa namwekea sahani. Mbona sikumpigia simu waziri?" Torbjörn akacheka sana kuliko uzito wa mzaha wenyewe, nami nikajikuta nacheka pia, na Tuva anatutazama mmoja mmoja.

Redioni, nawe unajua, siku hizi ni habari hizohizo, tume ya serikali, watoto walioletwa kutoka nje zamani, watu wazima wanatafuta walikozaliwa wanakuta hadithi walizopewa ni za uongo. Torbjörn akisikia tu neno "tume" anazima. Si mtu mbaya, tafadhali usimwandike kama mtu mbaya. Ndiye aliyemfundisha Tuva skii akiwa amemshika kiunoni mpaka mgongo ukamkatika, na mtoto akiugua hulala sakafuni kando ya kitanda chake. Lakini Jumamosi iliyopita, wakati wa kugawa pipi za wiki, nilisimama kwenye korido nikamsikia anamuuliza kwa sauti ya upole kabisa, "Yale ya stendi yalikuwa nini, Tuva?"

"Ndoto."

"Haya, ndiyo hivyo." Akampa mfuko wake wa pipi.

Sidhani kama alikusudia kumhonga, nadhani hata hakuona mikono yake inafanya nini. Mimi niliona. Na juzi, ninamsugua mgongo kwenye sauna, Tuva akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, na Dodi naye ni ndoto?" Nikamwagia maji mawe ya moto ili mvuke ufumke nisiweze kuonekana.

Torbjörn amekwisha panga, Ann-Sofi akija ataongea yeye, Tuva ataonyesha skii zake mpya, kisha atapelekwa kwa bibi yake kuoka mikate. "Ukifungua mlango huo, Marit," ameniambia, "si wewe utakayeufunga. Ataandika, itakwenda kule, kule watauliza, na watakuja kumchukua. Unataka kumpoteza? Useme!" Na baya kuliko yote, ambalo sijamwambia mtu, kuna upande wangu unaotaka hilo la ndoto lifaulu, unaotaka mtoto asahau, kwa sababu kama yule mwanamke yu hai basi mimi ni nani, ni mama au ni mpokeaji wa kitu cha wizi, na Tuva akimwona si atamkimbilia yeye?

Nimwambie Ann-Sofi, au niiache ripoti hii ipite tuone mwakani mtoto atakuwa anasema nini? Nijibu upesi, nakuomba.

Mama Tuva

*

Ingegerd anajibu

Marit, hilo si jina lako, na wasomaji wajue nimebadilisha majina yote na hata mji nimeuhamisha. Barua yako haikuweza kungojea zamu yake gazetini, ndiyo maana nilikupigia kazini siku ileile ilipofika, ukaniitikia kwa kunong'ona kama mwizi wa kuku. Niliyokuambia nayarudia hapa kwa ajili ya wengine, maana tangu tume hiyo ianze kutajwa redioni, barua za namna yako zimekuwa nyingi mezani kwangu.

Pole sana. Umengoja mtoto kwa machozi, umempata, unampenda, na sasa unaamka kila siku ukihisi kuna mtu yuko mlangoni. Hofu hiyo si dhambi.

Pole imekwisha, sasa tuongee. Umeniandikia hofu yako, hofu ya mumeo na mizaha ya mama mkwe. Katika yote hayo mtoto ameuliza swali moja tu: mama yangu atakuja lini? Nimeisoma barua yako tena na tena kutafuta nani alimjibu. Hakuna. Baba kampa pipi, bibi kampa kicheko, wewe umempa mvuke.

Hilo la ndoto likome leo hii, kabla hujaanza kufikiria afisa yeyote. Mtoto wa miaka sita akifundishwa na anaowapenda kwamba alichokiona hakukiona, hatajifunza kusahau, atajifunza kutojiamini, na siku mtu mwingine atakapomdhuru na kumwambia "hukuona kitu" ataitikia. Torbjörn hajui kwamba ndicho anachomfundisha. Mwambie. Mwambie pia kwamba anayeogopa kumpoteza mtoto ana njia moja ya hakika ya kumpoteza, nayo ni Tuva akue, aende mwenyewe kule stendi, amkute mama yake, kisha arudi kumuuliza baba yake kwa nini alimwambia ni ndoto. Njia ya mwongo ni fupi, na mtoto huyu ana miguu mirefu.

Umwambie Tuva hivi, kwa maneno yako: nakuamini, sijui mama yako yuko wapi, nitauliza. Usimwahidi kitu kingine. Usimwambie yu hai, hujui. Usimchimbe kwa maswali. Akisema, msikilize, na maneno yake uyashike kama alivyoyasema, usiyapige pasi.

Kisha zungumza na mumeo kabla ya siku ya ugeni. Usimvizie mbele ya afisa, atajitetea badala ya kusikia. Akikubali, vema. Asipokubali, utasema peke yako, kwa sababu ripoti ile si ya ndoa yenu. Umewahi kujiuliza inaandikwa kwa ajili ya nani? Unadhani serikali ya kule inataka kujua habari za supu ya samaki? Inaandikwa ili, iwapo kuna jambo halikuwa sawa, kuwe na mlango wa kulisemea. Umeketi mbele ya mlango huo kila mara ukipitisha maandazi ya mdalasini. Mpigie Ann-Sofi mapema, umwambie yote, umtake ayaandike yaende hukohuko zinakokwenda ripoti, na pia kwenye mamlaka inayosimamia mambo haya hapa nchini, na umtake atakayezungumza na Tuva awe mtu anayejua kuzungumza na watoto.

Je, watakuja kumchukua? Nilimuuliza mwanasheria ninayemwamini. Akacheka kwa huzuni, akasema hakuna anayempandisha mtoto ndege kwa sababu ya sentensi moja, na kwamba mahakama hutazama kwanza faida ya mtoto, naye kwa sasa nyumbani kwake ni kwenu. Lakini siwezi kukuapia, na anayekuapia katika jambo hili mkimbie.

Usimtafute yule mama mtandaoni. Usimlipe mtu anayejidai anajua kutafuta akina mama. Hujui ni nani alimdanganya wala kama bado anaishi naye jirani, na wewe ukipiga kelele huku, kofi litampata yeye kule. Iache kazi hiyo kwa waliopewa mamlaka, nawe kazi yako iwe kuwasumbua wasilale.

Na swali lako la mwisho, kama wewe ni mama au mpokeaji wa kitu cha wizi. Tuva si kitu. Kama aliibwa, aliibwa yeye, na wewe hukujua. Sasa umejua, au umeanza kujua. Kuanzia hapa, chochote utakachokaa nacho kimya ni chako. Inua simu, Marit.

*

Theluji imeyeyuka, kiangazi kimepita, na mwanamke huyu ameniandikia tena. Kwa ruhusa yake naweka maneno yake hapa bila ya kwangu.

Ingegerd,

Nilimwambia Torbjörn jioni ile uliponipigia. Akasema, "Basi mpoteze," akatoka kwenda kupasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilimpigia Ann-Sofi kesho yake asubuhi nikiwa nimejifungia stoo ya kliniki, nikamwambia yote, naye hakunikatiza hata mara moja, mwishoni akasema tu, "Asante. Nitakuja na mwenzangu anayezungumza na watoto."

Walipokuja Torbjörn alikaa. Sikutegemea. Alimimina kahawa ikamwagika kwenye visosi. Yule mwenzake Ann-Sofi akakaa chini kwenye zulia na Tuva, wakachora, akamuuliza kwa utaratibu anakumbuka nini kabla ya kuja hapa. Na Tuva, kabla ya kufungua mdomo, akageuka kumtazama baba yake, alikuwa anaomba ruhusa, Ingegerd, sote tuliona. Torbjörn akaweka birika chini.

"Haikuwa ndoto, Tuva," akasema. "Baba aliogopa, ndiyo maana alikwambia vile. Sema tu."

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa utaondoka."

Tuva akafikiri. "Mimi siwezi kuondoka, Jumanne tuna michezo." Kisha akasema yote, na kovu, na stendi, na Dodi, na Ann-Sofi hakugusa maandazi.

Ripoti ikapelekwa. Jibu la kwanza kutoka kule lilikuwa kavu, kwamba kila kitu kilifuata taratibu na mama ni marehemu. Mimi nikaona basi, na nakiri nilipumua, lakini Torbjörn, yeye huyohuyo, ndiye aliyesema, "Hawajamtafuta. Wamesoma walichoandika wenyewe." Akaanza kupiga simu kwa mamlaka ya huku wakati wa mapumziko yake kiwandani, kila mara, mpaka wakamjua kwa sauti. Ann-Sofi akaandika tena. Mamlaka ya huku ikaandika kwa ya kule. Na mwisho afisa mmoja wa kule, mwanamke ambaye sijui hata sura yake, aliinuka kitini akaenda stendi ya mabasi akauliza nani hapa anauza mahindi na ana kovu mkononi. Wakamwonyesha kwa kidole.

Yu hai. Aliambiwa binti yake amepelekwa kusoma Ulaya na atarudi akiwa mkubwa. Alikuwa anawasimulia wenzake stendi kwa fahari.

Tulizungumza kwa video kwenye ofisi za manispaa, kuna Ann-Sofi na mkalimani upande huu na yule afisa upande ule. Tuva amesahau lugha yote. Alijificha kwapani kwa Torbjörn akachungulia kwa jicho moja, na pale kwenye skrini akatokea mtoto wa kiume akatoa ulimi. "Yupo!" Tuva akapiga kelele. "Dodi yupo!" Akatoa ulimi naye, wakaendelea hivyo muda mrefu, na mama yule anawatazama bila kupepesa, mkono mdomoni. Ana paji la uso la Tuva. Hakuna aliyekuwa ameniandaa kwa paji la uso.

Hakunikimbilia mimi, wala hakumkimbilia yule mama. Tuva alisema "hujambo" kwa Kiswidi, kisha akaomba kwenda chooni.

Bado sijui itakuwaje. Uchunguzi umefunguliwa kwa kile kituo, hapa nako kuna watu wanatuuliza maswali, wakala aliyetuunganisha hapokei simu zangu. Kila bahasha ya serikali ikianguka mlangoni naifungua papo hapo, kabla ya kuvua viatu. Mwakani pengine tutasafiri, sote watatu, Gerd anasema naye anakuja na hakuna wa kumzuia.

Lakini nataka ujue lililotokea Tuva alipotoka chumbani. Yule mama aliomba kusema na mimi. Akauliza usiku nani anamlaza, nikamwambia sisi, kwa zamu. Akaitikia kwa kichwa polepole, kisha akasema maneno machache, na mkalimani akasita, akanitazama kama anayeomba radhi.

"Anasema asante kwa kumtunza. Na anasema yeye hakumtoa."

Nikamwambia Ann-Sofi aandike yote mawili, jinsi yalivyosemwa. Akaandika.